Taulo la Bibi

Asubuhi nyumbani kwao ilianza kwa foleni. Baba, ambaye alikuwa seremala, alisimama mbele ya mlango wa bafu na mswaki mdomoni. Mama, fundi cherehani, alisimama nyuma yake na ndoo ya maji ya moto. Ndani, kama kawaida, alikuwa Chura.

"Chura! Toka, tunazeeka huku nje!" Baba aliita.

"Najisuuza tu, Baba!"

"Kujisuuza gani huko tangu jogoo wa kwanza?"

Chura alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina hilo alibandikwa tangu alipojifunza kusimama, kwa sababu kumtia majini kulikuwa rahisi, ila kumtoa ilikuwa vita. Aliyapenda maji hata katika bafu lile, ambalo kusema kweli halikuwa na cha kupendwa. Lilikuwa na giza, na kuta zake zilikuwa zimeota ukungu mweusi. Sakafu iliteleza kama ganda la ndizi, na maji yalituama kwenye kona iliyo mbali kabisa na tundu la kuyatoa. Mlango nao ulilia kiasi kwamba jirani wa nyumba ya tatu alijua nani anakwenda kuoga.

Mtu mmoja tu hakusimama kwenye foleni hiyo. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amehamia kwao baada ya kuanguka na kuumia bega la kulia. Alilala chumba kimoja na Chura. Kila asubuhi alifunga mlango wa chumba, akajifuta mwili kwa kitambaa chenye maji, kisha akatangaza, "Nimeshaoga!" Lakini ngozi ilimwasha, akawa anajikuna mpaka mikwaruzo ikaonekana. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshasema: dawa ya kwanza ni maji ya kutosha na sabuni.

Jioni moja, baada ya kula, Bibi alisukuma sahani yake kando.

"Mwanangu," alimwambia Baba, "nirudishe kwangu."

"Mama, kwako utaishi na nani?"

"Na heshima yangu. Bafu lenu linanitisha. Na kuogeshwa kama kitoto kichanga sitaki. Nimewaogesha nyote mimi, sasa nikalie karai nipigwe sabuni?"

Mama aliinamisha kichwa. Chura alimsogelea Bibi. Bibi ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemwita "mke mwenzangu" na kumcheka alipokoroma. Chumba kile bila Bibi kingekuwa kuta nne tu.

"Baba," alisema, "tutengeneze bafu. Zuri, la kumpumzisha mtu. Ambalo Bibi ataingia mwenyewe na kutoka mwenyewe."

Baba alimtazama, kisha akatabasamu. "Nani kati yetu anakaa bafuni kuliko wote? Basi chora wewe. Likizo ndiyo hii, nami nitatafuta mwashi. Mama, tuvumilie mpaka shule zifunguliwe. Ukishindwa kuoga humo, nitakurudisha mwenyewe."

Bibi alimwangalia mjukuu wake. "Haya. Mpaka shule zifunguliwe, wala si zaidi."

Chura alichora, akafuta, akachora tena. Mwashi alipofika, mtu mnene mwenye vumbi la saruji hata kwenye kope, aliuliza, "Msanifu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Shikamoo, bosi!" alisema mwashi, akamwinamia mpaka Mama akacheka kwa sauti.

Mchoro ulitaka vigae vyeupe vinavyong'aa. Mwashi hakubisha. Alitoa kigae kimoja kwenye mfuko wake, akakiweka chini, akakimwagia maji na kumwambia Chura akanyage. Kabla hajamaliza kukanyaga, mguu ulikwenda zake, akadakwa mkono.

"Umeona? Hiki kinafaa ukutani, kikanyagwe na macho, si na miguu."

Basi sakafu ikawa ya saruji iliyopitishwa brashi ikiwa bado mbichi, ili iukamate mguu. Ilipokauka, mwashi aliomba gololi. Chura aliiweka kwenye kona ya mbali. Gololi ilisita kidogo, ikaanza kujivuta, ikabingirika mpaka ikatumbukia kwenye tundu la maji.

"Gololi yangu!" alilia Chura.

"Ndiyo ada ya ukaguzi," alisema mwashi. "Maji nayo yatafuata njia hiyohiyo."

Chura hakuchora tu. Alisugua ukungu kwa brashi na maji ya sabuni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alizipaka kuta rangi ya kijani kibichi, nyepesi kama jani jipya. Dirisha lilipanuliwa, likawekwa kioo kisichoonyesha mtu. Bawaba za mlango zilitiwa mafuta, ukanyamaza kama umekemewa. Kila mtu aliwekewa kulabu ya taulo lake, na la Bibi lilikuwa jipya, la rangi ya samawati.

Baba alitengeneza kiti cha mbao ngumu cha kufungwa ukutani. "Kaa nikupime," alimwambia Chura. Chura akakaa, Baba akapima. "Na kishikio kiwe wapi?" Chura akanyoosha mkono wa kulia. "Hapa." Mama naye alikitoa kioo kikubwa walichokuwa wakijitazamia wateja wake, na Chura akataka kitundikwe mbele ya kiti ili kirudishe mwanga. Bafu likang'aa.

Habari zilisambaa. Rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimi, alileta wenzake kuangalia.

"Watu huonyesha sebule, nyinyi mnaonyesha bafu!" alisema Redio. Lakini alipochungulia ndani alikaa kimya, jambo ambalo wenzake hawakuwahi kuliona. "Hili," alisema mwishowe, "mtu anaweza kulala humu."

Asubuhi ya kwanza Bibi aliingia, akakaa sana. Maji yalisikika yakimwagika. Alipotoka alisema, "Hongereni! Bafu la kifalme hili." Chura alitembea siku hiyo kama mtu aliyebeba bendera. Hata alipotumwa sokoni alipita njia ndefu, labda angekutana na mtu ambaye bado hajasikia.

Kazi ya kuyaanika mataulo juani ilikuwa yake. La Baba lilikuwa limelowa, la Mama limelowa, lake ndilo usiseme. La Bibi lilikuwa kavu. Chura alidhani Bibi alitumia khanga kujifutia. Kesho yake aliligusa tena. Kavu. Mkunjo wa dukani ulikuwa bado katikati, na harufu ya dukani haijatoka. Siku hiyohiyo alimwona Bibi akijikuna mgongo kwenye fremu ya mlango. Na alipoinama kutafuta ndara chini ya kitanda, aliuona mkoba wa Bibi. Nguo zilikuwa zimeanza kupangwa ndani.

Chura alikaa kitandani. Angeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa akimsifu, na sifa ni tamu kama muwa, hutaki kuutema. Lakini shule zilikaribia kufunguliwa, na bafu zuri lisilomwogesha Bibi lilikuwa la kazi gani?

Alimkuta Bibi uani akichambua mchele.

"Bibi, taulo lako ni kavu."

Vidole vya Bibi vilisimama. "Una macho ya polisi wewe."

"Unafanya nini mle ndani?"

"Namwaga maji, mke mwenzangu. Kopo moja, kopo la pili. Nayasikiliza yakienda zake, kisha natoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na viganja vyako vina malengelenge? Mpishi haambiwi chakula hakina chumvi wakati moshi bado uko machoni mwake."

Chura alinyoosha mkono. "Twende ukanionyeshe. Na nguo zako, bila maji. Nionyeshe kila kitu."

Bibi aliingia bafuni, Chura akasimama kwenye pembe kutazama. Mambo yakaonekana moja baada ya jingine. Bibi alipokaa, kiti kilikuwa chini mno, magoti yakapanda karibu na kidevu. Alipotaka kuinuka, mkono wa kulia haukufika kwenye kishikio kwa sababu ya bega. Mkono wa kushoto, wenye nguvu, ulipapasa ukuta mtupu. Chura alikuwa amemwona akimenya, akifagia na kupakua kwa mkono huo kila siku, na bado hakukumbuka.

"Na yule je?" Bibi alionyesha kioo kwa kidevu. "Kila nikianza kuvua nguo, kuna kizee ananikodolea macho! Nikimwambia ageuke, hageuki!"

Chura alicheka, Bibi akacheka, wakashikana ili wasianguke, na machozi ya Chura yakawa ya kicheko na ya jambo jingine pia.

Alikwenda moja kwa moja karakanani kwa Baba. Mwashi alikuwa hapo akinunua mbao, naye Redio alikuwa amemfuata Chura nyuma kama kivuli.

"Baba, bafu langu lina makosa," alisema, bila kusubiri waondoke.

Baba aliweka randa chini. "Makosa? Mbona watu wote wanalisifu?"

"Wote, isipokuwa mwenyewe. Bibi haogi. Hawezi." Akaeleza mkoba wa chini ya kitanda, kiti, kishikio na kioo, na jinsi alivyojipima yeye badala ya Bibi.

Baba alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Seremala mzima! Nimepima kiti cha mtu mmoja kwa miguu ya mwingine. Kosa ni letu wawili, Chura. Twende."

Safari hii Bibi ndiye aliyekalishwa. Baba aliweka kigoda, akaongeza ubao juu yake, na mwingine, na mwingine, mpaka Bibi akasema, "Hapo! Hapo naweza hata kuhutubia." Baba alikipandisha kiti cha ukutani mpaka kimo hicho, na mwashi akahamishia kishikio upande wa kushoto. Kwenye matundu yaliyobaki kulia, Chura alifunga kirafu cha sabuni. Kioo kilipelekwa karibu na mlango, kikatazama dirisha.

"Kuna kitu umesahau kwenye mchoro," alisema Bibi. "Komeo. Nataka nifunge kwa ndani, kwa mkono wangu huu."

Komeo likawekwa.

Asubuhi ya siku shule zilipofunguliwa, kulikuwa na foleni. Baba alikuwa na mswaki wake, Mama na ndoo yake, na Chura, tayari amevaa sare, amebaki kunawa uso tu. Ndani maji yalimwagika, na juu ya maji sauti ya Bibi ilikuwa inaimba wimbo ambao hata Baba hakuwahi kuusikia.

"Mama! Tunachelewa!" Baba aliita.

"Najisuuza tu!"

Walitazamana, wakacheka mpaka mswaki wa Baba ukadondoka.

Komeo lilifunguka. Bibi alitoka kwa miguu yake mwenyewe, ngozi inang'aa kwa mafuta, kichwa juu kama mwenye nyumba. Alimtupia Chura taulo la samawati. Lilikuwa zito. Maji yalichuruzika kwenye vidole vyake mpaka kiwiko, yakailowesha sare, na Chura hakujali.

"Na ule mkoba, Mama?" Baba aliuliza polepole.

"Mkoba gani? Nimeshazitoa nguo. Nitaweka humo vitambaa vya mke mwenzangu ajifunzie kushona. Au mnanifukuza?"

Baba alimwekea Chura mkono begani. "Sikiliza, mwanangu. Wageni walisifu bafu lako kwa kusimama mlangoni, na wewe ungeweza kutosheka. Lakini kazi ya mtu husifiwa na yule anayeitumia. Ukimtengenezea mtu kitu, mpime yeye, muulize yeye, usijipime mwenyewe. Na ukiona umekosea, sema kabla sifa hazijakuziba mdomo, kama ulivyosema. Nilijivunia mchoro wako. Ila siku uliyokuja karakanani kukiri kosa, mbele ya watu, nilijivunia wewe."

Chura alikwenda uani, akalitandaza taulo la Bibi katikati ya kamba, mahali ambapo kila apitaye angeliona, akasimama kulitazama likidondosha maji.

"Chura!" Mama aliita. "Utachelewa shule! Unatazama nini huko?"

"Nakuja, Mama," alisema, akaligusa mara moja tena, kuhakikisha.