Kibuyu cha Njahi

Kila Jumamosi, kabla hajafua sare yake ya shule, Murugi alikuwa na kazi moja. Alipanda kilima hadi jikoni kwa nyanya yake, akachota majivu ya kuni na kuyachekecha. Kisha alirudi nayo kwenye ghala la nyumbani, akazikagua njahi za mbegu, aina ya maharagwe meusi, zilizokuwa ndani ya kibuyu na kuongeza majivu palipopungua. Majivu huwazuia fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa mbegu.

Nyumbani mwao, nje kidogo ya mji wa Naro Moru, hapakuwa na majivu tena. Mama yake alipikia gesi ya samadi ya ng'ombe. Nyanya yake tu, ambaye wote walimwita Cucu, ndiye aliyebaki na mafiga yake matatu.

Njahi hizo hazikuwa za kupika. Cucu alizipata kwa mama yake, na kila mwaka alipanda na kuweka nyingine. Zilikuwa nyeusi, ndogo, zenye mstari mweupe pembeni, na zilizaa hata mvua ikikatika mapema. Zile za sokoni zilifanana nazo, ila zilikuwa nene kidogo. Ukizipanda katika mashamba makavu ya huko, zilikauka kabla ya kutoa maua.

"Macho yangu yameingia ukungu," Cucu alimwambia Murugi alipofikisha miaka kumi na miwili. "Sasa wewe ndiwe macho ya kibuyu hiki."

Murugi alifurahi. Lakini kilima kilikuwa kirefu, na Jumamosi zilikuwa na mambo mengi. Aliruka moja, kisha mbili, kisha muhula mzima ukapita.

"Umeangalia kibuyu?" Cucu aliuliza kila Jumapili baada ya kanisa.

"Ndiyo, Cucu."

Siku tatu kabla ya maonyesho ambako Cucu angegawa mbegu zake, Murugi alikifungua kibuyu. Vumbi laini lilimpanda puani. Fukusi walitambaa hadi kwenye vidole vyake, na karibu kila njahi ilikuwa na tundu.

Alimkimbilia rafiki yake Waithira, aliyekuwa akikata nyasi za sungura.

"Wewe nawe unalia nini?" Waithira alimcheka. "Si mama yako ako na ndoo nzima ya njahi jikoni? Jaza hizo, paka majivu. Njahi ni njahi. Nani atajua?"

Murugi akafanya hivyo. Zile zilizoharibika alizimwaga kwenye gunia kuukuu nyuma ya kibanda cha sungura.

Maonyesho ya Maisha ya Kujitegemea yalifanyika katika uwanja wa kanisa. Palikuwa na mizinga ya nyuki, sukuma wiki zilizopandwa kwenye magunia, na vikapu vinavyoendelea kuivisha chakula bila moto. Mwalimu Ngatia, aliyeyaandaa, alikuwa ameweka meza ya mbegu za kienyeji katikati. Hapo hapakuuzwa kitu. Mtu alichukua kikombe kimoja na kuahidi kurudisha viwili baada ya mavuno.

Cucu alikaa nyuma ya kibuyu chake akiwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Alipomimina kikombe cha kwanza, vidole vyake vilisita kidogo juu ya njahi. Lakini Cucu aliendelea kumimina. Watu sita walichukua. Wa saba alikuwa mwanamume mrefu aliyesema ametoka Kiriaini. Alishukuru, akaenda zake.

Kisha akaja mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni.

"Naitwa Kathure, Cucu. Mimi niko na kashamba kadogo huko Timau. Mwaka jana nilipanda mbegu za sokoni, zote zikakauka. Hata hizi nilipewa nauli na jirani nizifuate. Ati ni kweli zako zinavumilia jua?"

"Zilinilisha mimi na watoto watano," Cucu alisema. "Panda zote, usiogope."

Mtoto alitoa mkono kwenye shuka na kushika ukingo wa kikombe. Murugi alitazama vidole vile vidogo, akashindwa kuvumilia.

"Usizichukue!" alipaza sauti. "Si zenyewe. Ni za jikoni kwa mama. Zile za Cucu zililiwa na fukusi, kwa sababu sikuwa naenda kuleta majivu."

Cucu alichukua njahi moja, akaizungusha kati ya vidole.

"Niliona ni nene," alisema polepole. "Nikasema vidole vyangu navyo vimezeeka. Nilishuku vidole vyangu, Murugi. Wewe sikukushuku."

Murugi alianza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

Mwalimu Ngatia alitangaza kwa kipaza sauti. Mmoja mmoja watu walirudi na vikombe vyao. Wengine walinung'unika, na mzee mmoja akamwambia Cucu usoni, "Mama, usituchezee na mashamba yetu." Cucu aliwaomba msamaha wote, akiwa amesimama. Yule wa Kiriaini hakuonekana, na hakuna aliyejua jina lake.

"Atazipanda," Cucu alisema. "Zikikauka atasema alidanganywa na mwanamke wa Naro Moru. Na atakuwa amesema kweli."

Kathure aliondoka mikono mitupu. Alimwachia Cucu namba yake ya simu, lakini Cucu hakumwahidi ni mwaka gani angempa mbegu.

Jioni ile waliumwaga uchafu wa lile gunia kwenye ungo. Murugi alichambua huku Cucu akipapasa kila punje. Zisizo na tundu zilikuwa kumi na tisa.

"Ungeniambia ulipoona," Cucu alisema, "siku hizo tatu pengine tungeokoa kikombe. Ungeniambia Jumamosi ya kwanza uliyoruka, tungeokoa kibuyu. Uvivu ulikula mbegu zangu, mjukuu wangu. Lakini uongo wako ulikuwa njiani kwenda kula shamba la yule mama na mtoto wake. Kosa lisemwe likiwa bado dogo."

Mvua iliponyesha walizipanda zote kumi na tisa. Zilizoota zilikuwa kumi na moja. Kibuyu kilirudi kwa Cucu. Murugi alipanda kilima kila Jumamosi, akachekecha majivu, lakini hakuruhusiwa kukishika.

Jumapili moja Cucu aliuliza, "Umeangalia miche?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Mmoja umekatwa na mdudu, Cucu. Juzi sikupita, nilikuwa nacheza. Nimeuona leo asubuhi."

Cucu alishika fimbo yake na kuinuka.

"Basi imebaki kumi," alisema. "Lete majivu, twende tukaizungushie leo hii. Na wiki ijayo uniambie hivyo hivyo, hata ukibaki mche mmoja."