Bitana ya Mkanda wa Manzi

Harerimana aliweka nyundo chini, na mlio wa nyundo ukaendelea. Ko, ko, ko, taratibu, kutoka ndani ya mkanda alioushika mkononi. Alipousogeza sikioni, mlio ukakoma. Mtu mwingine angeutupa uani na kutoka mbio, lakini Harerimana alikuwa fundi, na mafundi wana ugonjwa wao: kila ajabu wanaisingizia mvua au vifaa. Akasema ni bati linavuja, akachukua sindano na kuendelea kushona.

Mkanda ulikuwa wa mdogo wake Manzi, aliyekuwa anaoa Ijumaa. Wazazi wao walikwisha kufa zamani. Harerimana ndiye aliyemlea Manzi katika chumba hiki hiki cha mtaa wa Mbugangari, akamtafutia kazi ya kutengeneza pikipiki, na majuzi akaenda kumposea Umuhire kwao. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Alitaka bwana harusi avae kitu kilichotoka katika mikono ya kaka yake.

Mkanda mzuri ni ngozi mbili. Ya juu ni ngumu, ya ndani laini, hiyo ndiyo bitana, inayolalia mwili. Unapaka gundi pande zote mbili na kungoja mpaka ukigusa isikunase kidole, ndipo unazikutanisha na kuzigonga. Zikishakutana, basi tena. Kwa hiyo fundi mwenye akili huangalia kwanza anaunganisha nini na nini.

Harerimana aliangalia, tena vizuri sana, na ndiyo maana simhurumii sana. Bitana ile aliiokota amashyuza, kwenye yale maji ya moto kando ya ziwa, alikokwenda kukanda mgongo wake uliochoka kuinama. Nyuma ya mawe pana mahali ambapo wagonjwa walioshindikana huacha kile walichokuwa wamejifunga, ugonjwa ubaki nacho, nao huondoka bila kugeuka. Hapaguswi kitu. Pale alikuta kipande kirefu cha ingobyi, ngozi ya kondoo ambayo mama humbebea mtoto mgongoni, kimelainika kwa miaka ya jasho la binadamu. Wiki nzima alikuwa ametafuta bitana laini sokoni bila kupata. Akajiambia kwamba bitana haionekani, na ikishashikana na ngozi yake itakuwa yake. Ni mtengeneza mikanda tu anayeweza kujidanganya namna hiyo.

Manzi aliujaribu mkanda Jumatano mchana, akacheka, akajipiga tumbo, akaondoka nao kiunoni. Kesho yake asubuhi alirudi akiwa amevaa koti zito, akafunga mlango nyuma yake.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "hii mukandara haitoke."

"Haitoke namna gani? Fungua hiyo chuma."

"Nilifungua chuma. Nilikata na uzi. Iko inashika yenyewe." Alimeza mate. "Na iko inapumua, kaka. Mi nikipumua, nayo inapumua nyuma yangu."

Alipovua koti, chumba kilijaa harufu ya maji ya moto, na chini yake harufu ya maziwa yaliyochacha. Harerimana aliogopa sana. Alipitisha ncha ya kisu chini ya mkanda, na kabla hajakata, Manzi alipiga ukelele akaanguka magoti. Kisu hakikuwa kimegusa mwili wake, ila damu ilikuwa inatoka kwenye ngozi ya mkanda.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alinong'ona Harerimana. "Usimwambie mutu. Nakwenda kuita mwalimu."

Mwalimu Yasini alikuwa mtu wa kusomea wagonjwa dua, mwembamba, aliyewatoa watu wengi wa mji ule mapepo. Alikuja na ubani wake, akakaa mbele ya Manzi, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamlowanisha kofia, na kadiri alivyosoma ndivyo moshi wa ubani ulivyokataa kupanda juu, ukamzunguka Manzi kiunoni na kukaa hapo, na mvua juu ya bati ikawa kama imenyamaza ili isikilize, na kichwa cha Manzi kikalala begani mwake mwenyewe, kama cha mtoto anayebebwa.

"We ni nani?" aliuliza mwalimu.

Midomo ya Manzi ikafunguka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Mama aliniacha pa mawe. Alisema ningoje."

"Rudi ukangoje pale."

"Huyu alinipaka gundi. Alinigonga na nyundo, anagonga, anagonga, mi naitika, hakuacha. Sasa nimeshika." Ikacheka kidogo. "Nimepata mugongo."

Mwalimu alimgeukia Harerimana, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa ya mtu anayeogopa. "Sha, ulimuunganisha mwenyewe? Kwa mukono yako? Basi dua yangu haiwezi. Tenga ile uliunganisha. Mi siwezi."

Harerimana alijua jambo moja: gundi hulegea kwa joto. Alitia makaa kwenye pasi, akakunja kitambaa chenye maji, akamlaza mdogo wake kifudifudi juu ya meza ya kazi, akaanza kuupasha mkanda polepole, kidogo hapa, kidogo pale, huku akimwambia pole, pole, mtoto wangu, maneno aliyokuwa akimwambia zamani alipokuwa na homa, na ngozi ya juu ikaanza kuachia, ikainuka na nyuzi za gundi zikivutika, akaivuta yote, akaitupa sakafuni, akachukua kisu butu cha kubandulia na kutafuta ukingo wa bitana ili aiinue nayo, akapitisha kidole juu, akapitisha chini, akazunguka kiuno chote na kurudi alikoanzia, kwa kidole kilichozoea kutafuta maungio gizani, na hakupata ukingo. Ngozi ya kondoo iliingia katika ngozi ya Manzi bila mahali pa kuanzia. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na vinyweleo. Na alipokuwa akiitazama, ilipanda ubavuni kwa upana wa kidole.

Mwalimu Yasini naye aliona. Alikusanya ubani wake na kutafuta viatu.

"Kaka?" Sasa ilikuwa sauti ya Manzi mwenyewe. "Imetoka? Nasikia nimekuwa mwepesi."

Harerimana alifungua mdomo. Hakuwahi kumdanganya mdogo wake hata mara moja, hata siku ile ya kumwambia kwamba mama hatarudi.

"Imetoka," alisema. "Yote imetoka."

"Asante Mungu." Manzi alifumba macho, akatabasamu juu ya meza. "Nilikuwa nafikiri Umuhire atanikimbia. Bon. Sasa toa mukono, kaka. Unanikumbatia nguvu sana."

Mwalimu alikuwa mlangoni akifunga viatu. Harerimana alikuwa amesimama mbali na meza, pasi katika mkono mmoja, kisu katika mwingine.