Keki Hii ni ya Shughuli Gani?

...na Baba mwenyewe ndiye aliyepokea simu, akauliza, na akajibiwa! Ngoja nikae kwanza. Ngoja nianze mwanzo, maana bila mwanzo hutaelewa kwa nini leo Mama amelia jikoni na huku anacheka.

Sisi tunapika keki za mchele, hapa Sangju, nyuma ya soko. Baba anaamka alfajiri. Anasaga mchele, anaupanga kwenye chungu cha mvuke, tabaka la unga, tabaka la maharage. Mama anapokea oda. Kaka yangu Byeong-ho anazipeleka kwa gari. Mimi Na-rae niko chuo, mwaka wa kwanza, na nikirudi naosha vyungu.

Zamani Mama alipokea oda kwa mdomo. Mtu akipiga simu, hamwachii. Goti linaendeleaje? Mjukuu kaanza kutembea? Na hiyo keki, mnahamia nyumba mpya au kuna nini?

Kaka ilikuwa inamkera. "Mama, huo ni umbea. Wenzetu wanafanya biashara."

"Umbea wangu ndio uliokusomesha," Mama alimjibu.

Kaka akanunua tableti hata hivyo. Akaingiza majina ya wateja wote, na vitu wanavyonunua siku zote. Mteja akituma ujumbe, jina lake linatokea, na chini yake kuna kitufe kimeandikwa "Kama kawaida." Unabonyeza tu, karatasi ya oda inatoka jikoni kwa Baba. Kweli ilikuwa haraka. Hata Mama aliacha kubisha.

Sasa, kuna mteja wetu wa siku nyingi, Mama Yeong-do. Mume wake alikuwa na lori dogo la kubebea kabichi. Kila mwanzo wa mwaka waliagiza keki ya maharage mekundu. Wanaiweka mbele ya lori, wanainama, wanaomba safari salama. Maharage mekundu yanafukuza roho za wafu na mikosi. Kwa hiyo ukifungua duka au ukinunua gari, unataka nyekundu.

Lakini kwenye meza ya marehemu nyekundu haiwekwi. Siku ya kumkumbuka, unamwita arudi ale nyumbani kwake. Ukiweka nyekundu, umemfukuza mlangoni. Pale inawekwa keki ya maharage yaliyomenywa, ile nyeupe. Kwetu hata mtoto mdogo analijua hilo.

Baba Yeong-do alianguka sokoni akishusha kabichi. Hakuamka tena. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Mwaka ukatimia. Mama Yeong-do akatuma ujumbe mfupi: "Naomba keki ya mvuke, sinia moja, Jumamosi kabla ya jioni." Hakusema ya nini. Aseme ya nini, na sisi tulikuwepo msibani?

Kaka alikuwa anapakia gari. Jina likatokea, akabonyeza "Kama kawaida." Karatasi ikatoka, haina jina, ina aina ya keki tu. Baba akapika kilichoandikwa.

Jumamosi alasiri Mama Yeong-do akaingia dukani, amevaa nguo za shughuli. Boksi letu amelishika kwa mikono miwili.

"Nimewakosea nini?" aliuliza. Hakupandisha sauti.

Baba akafungua boksi. Akaona wekundu. Akalifunga tena taratibu.

"Mama Yeong-do," alisema, "mimi ndiye niliyemshusha kaburini."

"Ndiyo maana nauliza."

Bahati, kulikuwa na maharage yaliyomenywa, yameloweshwa kwa oda ya kesho yake. Baba akawasha moto. Mama Yeong-do akakaa kwenye kigoda, anatazama mvuke. Akamgeukia Mama. "Boksi nililifunulia mezani. Kama mume wangu alishafika mlangoni, akaiona?"

Mama yangu akavuta kigoda kingine, akakaa naye.

Keki nyeupe iliwahi. Baba aliibeba mwenyewe kwa miguu. Lakini tangu siku ile Mama Yeong-do hakurudi. Akipita, anapita upande wa pili wa barabara. Baba akaitia tableti ndani ya pipa la unga akafunika. Kaka hakula vizuri siku nyingi.

Hapo ndipo kikaingia chuo. Nasoma somo linaitwa mifumo ya taarifa katika biashara. Nilidhani ni somo la kompyuta. Mwalimu Bae alituambia tuchore safari ya taarifa moja katika biashara tunayoijua, tangu kwa mteja hadi mwisho. Nikachora ile keki. Akaitazama muda mrefu.

"Na-rae, pale dukani nani alijua kwamba yule mzee amefariki?"

"Sote, Mwalimu."

"Na ile karatasi ya oda ilijua?"

Nikatikisa kichwa.

"Watu wanadhani mfumo ni mashine," alisema. "Mashine ni kipande tu. Watu ni sehemu ya mfumo. Utaratibu wao ni sehemu. Taarifa yenyewe ni sehemu. Mashine yenu ilijua huyu mama ananunua nini. Haikujua ananunua kwa sababu gani. Zamani nani aliuliza sababu?"

"Mama yangu. Kwa umbea wake."

"Basi huo umbea ulikuwa kazi. Mlipoweka mashine mliifuta, na hakuna aliyeona pengo."

Nilikimbia kutoka kituo cha basi hadi nyumbani. Nikawaeleza wote mezani, na kwamba lazima tuanze tena kuuliza sababu. Mama akamtazama Kaka, akamwongezea supu. "Umesikia? Kazi."

Baba ndiye aliyegoma. "Nimuulize mtu habari za msiba wake kwenye simu? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Baba," Kaka alisema polepole, "kutouliza ndiko kulikomleta yule mama hapa na boksi."

Baba akaweka kijiko chini. Kisha akaenda mwenyewe kwenye pipa la unga.

Kitufe cha "Kama kawaida" tulikifuta. Mahali pake tukaweka swali: Keki hii ni ya shughuli gani? Lisipojibiwa, karatasi haitoki. Mteja asipoandika jibu, Mama anampigia, na Kaka hamwambii afupishe. Akisikia msiba, anaandika palepale, ili Baba jikoni na Kaka garini wasome kitu kimoja. Tangu hapo hakuna boksi lililorudi. Wiki iliyopita mtu aliagiza nyekundu, kumbe ni ya kumbukumbu ya bibi wa mke wake, hakujua, ni mgeni, ndiyo kwanza kaoa huku. Swali likamwokoa.

Lakini Mama Yeong-do alikuwa bado anapita upande wa pili. Hadi leo.

Simu imelia, Mama mikono ina unga, Baba kapokea. Nimemwona anasimama wima. "Mama Yeong-do," kasema. Kasikiliza. Kisha kauliza, sauti imekauka: "Samahani. Keki hii ni ya shughuli gani?"

Nikasogeza sikio karibu na simu. Hata mimi nilimsikia akivuta pumzi huko.

"Ya lori," kasema. "Nimepata leseni. Kabichi nitabeba mimi. Nataka nyekundu, Baba Na-rae. Kama kawaida."

Baba kaandika neno kwa neno. Kisha kamsomea: ya lori, nyekundu, kesho alfajiri. Yule mama kasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Maharage yameshaloweshwa. Kaka anapiga pasi shati, kupeleka keki tu. Napanda naye gari alfajiri. Lile lori limekaa chini ya turubai tangu msiba, sijui hata kama litawaka. Usitoke mapema kesho, nikirudi napita kwako kwanza.