Midomo Myekundu

Mpunga ukianza kukomaa, huku bondeni watu huhamia shambani kuamia ndege. Levina, wa miaka kumi na minne, alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu alfajiri. Mbele yake shamba lilikuwa kama maji ya kijani yasiyo na mwisho. Mtu akipita, alikuwa kivuli kinachoelea. Levina alidhani kila mtu huona hivyo.

Ndege aliwasikia tu. Mabawa yakivuma, alivuta kamba, makopo yakalia, wakaruka. Lakini siku hiyo upepo ulivuma. Kwelea kwelea wakatua, hakujua.

Baba yake, Salvatory, akafika. "Umelala tena?"

"Sikulala, baba."

"Umewakodolea macho kama wageni wa harusi. Darasani unashika mkia, huku unalisha ndege. Shule ikifunguliwa, hutarudi."

Levina akainamisha kichwa.

Klementina, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa shamba la jirani. Akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Levina, kitenge changu kina maua gani?"

"Kina maua?"

Salvatory akamgeukia binti yake.

"Shemeji," Klementina akamwuliza, "huyu si ndiye njiti wenu?"

"Ndiye. Miezi saba. Mama yake alimbeba kifuani kama kinda. Lakini hayo yalikwisha. Mwone alivyo mrefu."

"Mwili umefika. Macho huenda yalibaki njiani. Njiti huzaliwa macho hayajakomaa, hasa nyuma kule ndani, panapopokea picha. Akikua, anaweza kuona vya karibu tu, au kupata kengeza. Si wote. Lakini wote wapimwe, hata wakiwa vijana. Na siku akiona vimulimuli, au kama pazia linashuka jichoni, msingoje kesho."

"Mbona hajawahi kulalamika?"

"Alalamikie nini? Hajawahi kuona vingine."

Juma lile lile wakaenda kliniki ya macho Ifakara. Daktari akamtia matone, akachungulia ndani kwa taa. Hapakuwa na jeraha. Akampa miwani, akasema arudi kila mwaka.

Levina akapanda tena dunguni. Maji ya kijani yakawa masuke, kila suke na punje zake. Wingu la bluu alilozoea kuliona kule mbali likawa mlima.

"Baba, kumbe mlima una miti."

Kundi likatua karibu. Levina hakugusa kamba.

"Vuta, mama. Wanakula."

"Ngoja kidogo. Wana midomo myekundu."

Salvatory akangoja. Mpunga ukaliwa kidogo.

"Haya, watazame," akasema. "Shule ikifunguliwa, utatazama ubao."

Levina akavuta kamba. Ndege wakapaa, naye akawafuata kwa macho, mmoja mmoja, mpaka mlimani.