Mapafu ya Mbao

— Nimeshasema hapana, Everaldo. Ijumaa nahamia Recife. Nipishe mlangoni.

— Nipe sababu moja tu, Lindalva! Moja!

— Umemfokea bibi wa watu mbele ya wodi nzima.

Wote wawili ni madaktari wa watoto pale Crato, Brazil, na pete ya uchumba ilikuwa na miaka miwili mfukoni mwa Everaldo. Asubuhi hiyo Rayane, binti wa miaka sita, alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani baada ya wiki tatu za nimonia. Bibi yake, Dona Zulmira, akapaza sauti: "Muujiza!" Everaldo akamkata: "Muujiza gani? Dawa hiyo!"

— Kwani nimedanganya? Leo tumsifu mtakatifu, kesho mzazi mwingine amwage dawa, awashe mshumaa!

— Bibi yule hajamwaga hata tone. Saa za dawa alizijua kuliko wauguzi. Imani ndiyo iliyomsimamisha. Na wewe, siku ile ya tisa, mtoto alipozidiwa, ulikuwa umebaki na nini mkononi?

Everaldo akampisha mlangoni.

— Mimi kwenye faili nimeandika "amepona". Kwa nini, sijui. Neno dogo tu hilo, "sijui", wewe halikutoki. Siwezi kuzeeka na mwanaume wa hivyo.

Simu zao zikalia pamoja. Ujumbe wa Dona Zulmira: "Madaktari wangu, kesho saa nne tunapeleka shukrani kanisani kilimani. Wote wawili! Nimepika keki ya mahindi, msinitie aibu."

Nani angekataa?

Kesho yake wakaingia chumba cha nadhiri, ambako waliopona hutundika viungo vya mbao: miguu, vichwa, mioyo, hadi darini. Lindalva akasimama ghafla.

— Haya mapafu kaleta nani?

— Mapafu tu hayo, twende zetu, — Everaldo akasema haraka mno.

— Mengine yote humu ni kama mapapai mawili tu. Haya, la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na moyo umeachiwa nafasi yake. Mkulima gani anajua hivyo?

Fundi Damião, mchongaji, akacheka mlangoni.

— Dada, mteja yule alinitesa! Kanirudishia kazi mara mbili, kanichorea na ramani. Nikamwambia, kaka, mtakatifu hana eksirei! Si huyo nyuma yako, anajifanya kusoma tangazo la misa?

Lindalva akageuka taratibu.

— Siku ya tisa?

— Siku ya tisa. Dawa nilishabadilisha mara tatu, ya nne haikuwepo. Nikaahidi mapafu. Na kuacha kahawa mwaka mzima.

— Kumbe! Ndiyo maana wiki mbili hizi unang'ata watu! Sasa bibi ulimfokea ya nini?

— Aibu. Alitamka hadharani nilichokificha mimi.

— Haya, niambie. Ni mtakatifu au ni dawa?

Neno likamtoka Everaldo kama jino linalong'olewa.

— Sijui.

— Pete iko wapi? Au nayo umemtundikia mtakatifu?

— Ngojeni! — Dona Zulmira akaingia na Rayane, akajitosa katikati. — Na mimi nina nadhiri. Nilimwahidi mtakatifu, Rayane akipona, daktari mkali atapanda ngazi za kanisa kwa magoti.

— Umeniwekea nadhiri bila kuniuliza?

— Zile sindano zote za mjukuu wangu, uliniuliza?

Everaldo akashushwa chini, na suruali yake nyeupe. Ngazi sitini na saba. Rayane akahesabu kwa sauti, mapafu mazima kabisa, na kila alipokosea hesabu alimrudisha mwanzo. Lindalva, juu kivulini, akaandika kwenye simu: "Recife, asanteni sana. Nafasi mpeni mwingine."

Everaldo alipofika, magoti yakivuja damu, akatoa pete kwanza, ndipo akalia. Lindalva akaivaa, akafungua chupa ya iodini, akaanza kumpaka magotini.

— Yallaaa! Hii ni dawa au ni adhabu?

— Sijui, mpenzi, — akasema, akiendelea kupaka. — Ila utapona.