Vidange ya Dola Tano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Falonne alifagia ua wao katika mtaa wa Beu, mjini Beni, kisha akamwaga majivu chooni ili kupunguza harufu. Mwezi ule majivu hayakusaidia tena. Shimo lilikuwa limejaa, nzi walitanda ukutani, na maji machafu yalianza kuchungulia kando ya sakafu.

Baba yake, Josaphat, alikuwa seremala. Mama alikuwa amekwenda Masereka kuvuna viazi. Kwa hiyo baba alimtuma Falonne, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, kwa Lusenge, mtu wa kusafisha mashimo ya vyoo kando ya barabara ya Mangina, akaulize bei ya vidange. Ndivyo watu wa huko wanavyoita kazi ya kuvuta uchafu shimoni na kwenda kuumwaga mbali.

Njia ilikuwa ndefu na jua kali. Katikati ya safari Falonne aliona karakana ya pikipiki yenye kibao kilichoandikwa VIDANGE. Akauliza bei, na fundi akamjibu kuwa ni dola tano. Falonne aliona oili nyeusi ikidondoka kutoka kwenye pikipiki hadi kwenye kopo, akajua moyoni kwamba vidange hii ni ya kubadilisha oili, siyo ile ya choo. Lakini rafiki zake walikuwa wakimngoja waruke kamba. Akarudi nyumbani.

"Ulifika kwa Lusenge mwenyewe?" baba aliuliza.

"Nilifika, papa. Ni dola tano."

Jumamosi Lusenge aliitwa. Aliingiza mti mrefu shimoni, akapima, akatazama sakafu ya simenti isiyo na mlango wa kupitishia mpira wa mashine, kisha akasema dola themanini. Alieleza kwa upole: kuna kazi ya mashine, kuna mafuta ya gari mpaka mahali pa kumwagia, mbali na mito, na kuna kuvunja simenti na kuijenga tena. Kadiri shimo linavyokuwa kubwa na mwendo kuwa mrefu, ndivyo bei inavyopanda.

"Mutoto ulimwambia tano," baba alisema. "Leo umeona mbao zangu, unasema makumi nane?"

"Papa Josaphat, kwa dola tano nitakuvutia ndoo moja, na ndoo yenyewe utaitafuta wewe. Hapana mutoto aliyefika kwangu."

Baba alimgeukia Falonne. Falonne alitazama vidole vya miguu yake, akasema tena kwamba alifika. Lusenge alimwangalia kwa muda mrefu, wala hakugombana naye. Alimshauri tu baba afunike tundu la choo kwa mbao, mtoto asije akatumbukia, kisha akaenda zake.

Jumanne mvua kubwa ilinyesha mchana. Baba, akiamini kwamba Lusenge alitaka kumwibia, alifanya wanavyofanya wengi wanaokaa kwenye mteremko: alitoboa ukuta wa shimo upande wa chini ili mvua ichukue uchafu. Falonne alisimama mlangoni akiuona ukipita mferejini, ukielekea kwenye chemchemi ya majirani wa bondeni. Neno moja la kweli lingeuzuia mkono wa baba. Hakulisema.

Siku tatu baadaye Shalom, mtoto wa miaka mitatu wa jirani yao wa bondeni, Mama Eliane, alianza kuhara na kutapika. Watu wa Beni hawajasahau Ebola. Majirani walifunga milango, hakuna aliyethubutu kumshika. Ni Josaphat aliyembeba mgongoni hadi kituo cha afya, na Falonne akafuata na kitenge cha kubadilisha.

Walimtundikia dripu. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na hakulia hata sindano ilipoingia. Muuguzi aliuliza wanakunywa maji gani. Mama Eliane akasema, ya chemchemi. Josaphat akainamisha kichwa.

"Papa, sikufika kwa Lusenge," Falonne alisema. "Niliuliza kwa mafundi ya pikipiki. Nilijua ni vidange ya oili."

Baba alisimama mbele ya Mama Eliane. "Mimi ndiye nilifungua shimo wakati wa mvua. Ni uchafu wangu mutoto amekunywa."

Mama Eliane aligeukia ukuta, akalia bila sauti. Hakuwatukana. Baada ya muda alimnyooshea Falonne kikombe cha maji ya chumvi na sukari. "Shika, umunyweshe. Mimi nitamushikia kichwa."

Usiku kucha Falonne alimnywesha Shalom kijiko kwa kijiko. Siku ya nne mtoto aliomba uji, ingawa ilipita miezi miwili kabla miguu yake haijaweza kumbeba tena.

Baba alipita nyumba zote za bondeni akiwaonya watu wasiyaguse maji yale. Wengine walimfukuza kwa maneno makali, naye akayapokea. Aliuza kabati alilokuwa akimtengenezea mama yake Falonne, akaenda kumwomba Lusenge msamaha. Shimo likavutwa kwa dola themanini, na kumi zaidi za kuziba tobo lile la ukutani.

Jioni ile alimketisha Falonne kwenye benchi la useremala.

"Lusenge aliposema themanini nilimuona mwizi, kwa sababu nilikuwa nangoja tano," alisema. "Ungeniambia ukweli, ningekasirika siku moja, halafu ningetafuta feza. Ule uongo ni wako. Lakini hata bei ingenishinda kabisa, sikukuwa na haki ya kutuma uchafu wangu kwenye maji ya jirani. Hilo ni langu. Tulikosa wewe na mimi, binti yangu, na aliyelipa ni Shalom."