Mji Aliopewa Musili

Laban hakuchora bwawa lolote, lakini kwenye skrini maji yalikuwa yamejaa bonde zima. Akadhani ni ile diski ya nyongeza aliyoileta kutoka Nairobi kwa ajili ya duka lake la michezo ya kompyuta mjini Machakos. Mchezo wa kujenga mji ulikuja na barabara na nyumba tu. Nyongeza ilileta tramu, chuo kikuu, taa za usiku na mafuriko. Mafuriko! Siku hizi watu wananunua hata msiba.

Mji wenyewe aliuita Musili, jina la mdogo wake aliyezama katika bwawa la Masinga kabla ya kuoa. Kwao, kijana akifa hivyo, mtoto wa kiume anayefuata kuzaliwa hupewa jina lake, asipotee. Lakini Laban alimwita mwanawe Bartholomew, Bato kwa kifupi, kumfurahisha mchungaji. Mama yake, Ndunge, alipolalamika, alimcheka.

"Mwaitu, mama yangu, si nimempa Musili mji mzima? Anataka nini ingine?"

Kiburi si maungwana, ila Laban hakuwa mtu wa kuambiwa.

Jioni hiyo duka likaanza kunuka tope na samaki. Mkewe, Wavinya, akaingia mbio akiwa amemkumbatia mtoto, Ndunge nyuma yake.

"Baba Bato, mtoto anatoa maji kwa mdomo! Na sijampea kitu!"

Laban akazima kompyuta. Ikajiwasha. Maji yakapanda, yakameza chuo, yakameza tramu, na kila yalipopanda kifua cha mtoto kilikoroma zaidi, na ndani ya spika sauti ya mtu aliyejaa maji ikawa inasema polepole, kwa hasira ambayo Laban aliijua tangu utotoni, kwamba mji hauna damu, mji haunyonyi, mji hauzai, nipe yangu, Laban, nipe yangu.

"Ni ndugu yako amekuja," Ndunge akanong'ona. "Mpe jina. Sasa hivi."

"Musili," Laban akasema, machozi yakimtoka. "Mtoto ni Musili. Nisamehe."

Ndunge akamtemea mtoto maji kifuani kumbariki. Mkoromo ukakoma. Maji ya kwenye skrini yakanywea, na Wavinya akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo kilio cha mtoto mchanga kikasikika ndani ya spika. Wavinya akashtuka. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe, yakilowesha blauzi. Akaisogelea kompyuta, akakipapasa kioo.

"Bato? Bato wangu?"

Yule aliyekuwa mikononi mwake hakulia. Alikuwa akimtazama Laban bila kupepesa, akitabasamu.